Pua ya Elektroniki na Ghala la Usharika



Somo la robo hii linahusu harufu ya chakula. Tumelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya wafadhili wetu wametuuliza kama ingefaa kununua kifaa kinachoitwa pua ya elektroniki kwa ajili ya maghala ya vikundi huku Makwale. Pili, kabla ya kujibu swali hilo, hatuna budi kukiri jambo lililotupata sisi wenyewe katika msimu wa mvua uliopita.

JAMBO LILILOTOKEA

Katika ghala moja la usharika kulikuwa na mpunga wa kikundi, na kando yake magunia sita ya mahindi yaliyochangwa kwa ajili ya uji wa watoto wa chekechea. Kona moja ya bati ilikuwa inavuja. Sisi wa ofisi ya miradi tulikuwa tumehimiza ghala lijazwe mapema ili mnunuzi akifika akute mzigo wa kutosha. Mpunga uliingia kabla haujakauka sawasawa. Wiki chache baadaye mama mmoja, mzee wa kanisa, alifungua mlango na kusimama pale pale kizingitini. Akasema, "Jamani, humu ndani kumevunda." Hakuwa amegusa gunia hata moja.

Mpunga ulitolewa na kuanikwa, lakini mnunuzi alishusha bei. Mchele wa Kyela hununuliwa kwa harufu yake, na ule ulikuwa umebaki na harufu ya gunia bichi. Hiyo ilikuwa hasara ya fedha, na wanakikundi waliibeba.

Mahindi nayo yalianikwa, yakapepetwa, na yaliyoota ukungu yakatupwa. Baada ya siku tatu za jua kamati ikanusa, ikaona harufu imekwisha. Tulipoulizwa, tulikubali yatumike. Watoto walikunywa uji huo siku mbili. Siku ya tatu muuguzi mmoja, ambaye ni mshiriki wa usharika, akatuuliza, "Mmenusa, ni sawa. Je, mmepima?" Hatukuwa na jibu. Uji ukasimamishwa na mahindi yakafukiwa. Hatukuona mtoto aliyeugua, na tunamshukuru Mungu. Lakini madhara tuliyoyaogopa hayaonekani kwa siku mbili, na kwa haraka ya kuyafukia hatukutunza sampuli ya kupeleka maabara. Kwa hiyo mpaka leo hatujui watoto wale walikula nini.

Baada ya hapo, swali la wafadhili lilipofika mezani, mjumbe mmoja wa kamati aliuliza hivi: "Mashine hiyo itanusa nini ambacho mama yetu hakukinusa?" Somo hili ni jibu la swali hilo.

HARUFU NI NINI, NA PUA HUFANYAJE KAZI

Harufu ni chembe ndogo mno zinazotoka kwenye kitu na kuruka hewani. Chakula kinapoiva, kinapochacha au kinapooza, chembe zinazoruka hubadilika. Tukivuta hewa, chembe hizo hufika juu ndani ya pua, mahali penye vipokezi. Binadamu ana aina zipatazo 400 za vipokezi hivyo. Hakuna kipokezi kimoja cha ndizi na kingine cha samaki. Harufu moja huamsha vipokezi kadhaa kwa viwango tofauti, na ubongo husoma mpangilio wote kwa pamoja, kama msikilizaji anavyotambua wimbo kwa sauti nyingi za kwaya. Richard Axel na Linda Buck wa Marekani walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2004 kwa kugundua vipokezi hivyo na jinsi mfumo wa kunusa ulivyopangwa.

Pua ya elektroniki imejengwa kwa kufuata mfano huo. Mwaka 1962 Naoyoshi Taguchi wa Japani aliomba hataza ya kihisi cha gesi kilichotengenezwa kwa oksidi ya bati. Vihisi vya aina hiyo vilitumika kutoa tahadhari gesi ya kupikia ilipovuja majumbani. Mwaka 1982 Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick, Uingereza, walionyesha kwamba vihisi vichache vikiunganishwa vinaweza kutofautisha harufu mbalimbali, ingawa hakuna hata kimoja kinachotambua harufu moja tu.

Kazi yake huenda kwa hatua hizi:

1. Sampuli ya chakula huwekwa katika chombo kilichofungwa, na hewa iliyo juu yake huvutwa kupita kwenye vihisi.
2. Kihisi cha oksidi ya bati hupashwa moto wa mamia ya nyuzi. Hewa yenye chembe za harufu ikikigusa, upitishaji wake wa umeme hubadilika.
3. Kila kihisi hutoa namba yake. Namba zote kwa pamoja ni kama alama ya kidole ya harufu ile.
4. Kompyuta hulinganisha alama hiyo na zile ilizofundishwa kabla. Ikiwa imefundishwa kwa mpunga mzuri na mpunga uliovunda, itasema sampuli inafanana na upi.

Tuzingatie sana hatua ya nne. Mashine haijui kitu ambacho haikufundishwa. Iliyofundishwa kwa mchele wa nchi nyingine haiujui mchele wa Kyela mpaka ifundishwe upya, kwa sampuli nyingi, na mtu ambaye pua yake inaujua. Kwa maneno mengine, mashine huanza kwa kuwa mwanafunzi wa yule mama wa kizingitini.

INAKOTUMIKA VIZURI

Tusiidharau. Huko Kolkata, India, watafiti wa taasisi ya C-DAC na Chuo Kikuu cha Jadavpur walitumia pua ya elektroniki kufuatilia majani ya chai yanapochachuka. Harufu ya chai hupanda kadiri inavyochachuka, hufika kilele, kisha hushuka. Msimamizi wa kiwanda hutafuta kilele hicho kwa pua yake. Mashine ilisaidia kukitafuta bila kuchoka na bila kupata mafua. Ndugu zetu wa Rungwe wanaolima chai wataelewa mara moja faida ya jambo hilo.

Aidha, pua za namna hii zimejaribiwa sana kwenye nyama na samaki, kwa sababu vinapooza hutoa gesi nyingi zinazoonekana wazi kwa vihisi, zikiwemo za jamii ya amonia na salfa.

Hapa kwetu Tanzania kuna mfano mwingine wa kunusa kwa kazi, nao hauna waya wala betri. Shirika la APOPO, lililoanzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, limekuwa Morogoro katika Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tangu mwaka 2000. Linafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Panya mmoja aitwaye Magawa, aliyefundishwa Tanzania na kufanya kazi Kambodia, alipewa nishani ya dhahabu ya shirika la Uingereza la PDSA mwaka 2020.

Kwa somo letu, la muhimu ni jinsi panya wa kifua kikuu anavyotumiwa. Anaweza kupitia sampuli 100 za makohozi kwa dakika 20, kazi ambayo mtaalamu wa maabara angeifanya kwa siku kadhaa. Lakini panya akionyesha sampuli, mgonjwa haanzishiwi dawa kwa neno la panya. Sampuli hiyo hupimwa tena maabara kwa njia iliyothibitishwa. Pua huchuja, maabara huthibitisha. Tunawaomba wajumbe waishike kanuni hiyo, kwa maana sisi tuliivunja.

MAZAO YETU MATATU

Mchele. Harufu ya mchele wetu hutokana hasa na chembe moja ambayo wanakemia wa Marekani, Ron Buttery na wenzake, waliitambua katika mchele wenye harufu mwaka 1982. Pua ya binadamu huihisi hata ikiwa sehemu moja tu katika bilioni kumi za maji. Vihisi vya kawaida vya bei nafuu haviwezi kuichagua chembe hiyo peke yake kwa kiasi kidogo namna hiyo. Maabara hutumia mashine kubwa inayotenganisha gesi moja moja. Kwa hiyo, katika kuthibitisha kama mchele ni wa Kyela au umechanganywa na wa kwingine, kifaa kidogo cha ghalani hakitatutosha.

Hata hivyo, harufu hiyo inaweza kulindwa. Imo katika mbegu, lakini hupungua kwa joto kali la kukaushia na kwa kukaa muda mrefu. Mpunga hutunza harufu vizuri kuliko mchele uliokwisha kukobolewa. Basi tuanike kwa utaratibu, tuhifadhi mpunga, na tukoboe mnunuzi anapokaribia.

Kakao. Hapa pua ina kazi kubwa. Mbegu mbichi zikifunikwa kwa majani ya mgomba, siku za kwanza hutoa harufu ya pombe, kwa kuwa hamira inakula sukari ya utomvu. Baadaye zikigeuzwa na kupata hewa, hutoa harufu kali ya siki, na joto la rundo hufika nyuzi 45 hadi 50. Rundo likiachwa kupita kiasi, harufu hubadilika na kuwa ya uozo. Kazi hii inafanana na ya chai ya Kolkata, na tunaamini siku moja pua ya elektroniki inaweza kufaa kwenye kituo kikubwa cha kuchachulia kakao. Lakini kasoro moja kubwa haihitaji mashine, nayo ni moshi. Kakao iliyokaushwa juu ya moto wa kuni hunyonya harufu ya moshi, na haitoki tena.

Usipa. Dagaa hawa wa Ziwa Nyasa wakikosa jua siku moja tu, kila mtu sokoni hujua. Mashine ingeweza kusema hivyo hivyo. Kinachokosekana hapa ni chanja za kuanikia zilizoinuliwa kutoka mchangani, na kifuniko mvua inapokuja ghafla.

KILE AMBACHO PUA HAIWEZI KUKIJUA

Sasa turudi kwenye mahindi ya chekechea.

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na aina fulani za ukungu, hasa kwenye mahindi na karanga. Ilijulikana kwa wanasayansi baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Mwaka 2004 nchini Kenya watu 317 waliugua na 125 walifariki kwa mahindi yenye sumu hiyo. Hapa nchini mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua na 20 walifariki. Ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huharibu ini na inaweza kuleta saratani yake. Imehusishwa pia na watoto kudumaa.

Sumukuvu haina harufu, haina rangi tunayoiona, wala haina ladha. Kupika hakuiondoi. Ukungu wenyewe unaweza kutoa harufu ya uvundo, na hiyo ndiyo mama yetu aliyoinusa, na ndiyo pua ya elektroniki ingeinusa. Lakini ukungu ukikaushwa na kupepetwa, harufu huondoka na sumu hubaki. Kinyume chake pia ni kweli: si kila ukungu unaonuka una sumu. Jua letu la siku tatu liliondoa onyo na kuacha hatari mahali pake.

Isaka alipozeeka na macho yake kufifia, alimnusa mwanawe aliyevaa nguo za nduguye, akatoa baraka kwa mtu asiyemkusudia. Pua yake ilikuwa nzima, na nguo kweli zilikuwa za Esau. Alichokosea ni kuitegemea pua kwa swali ambalo haikuweza kulijibu. Sisi tulifanya hivyo hivyo.

Kwa hiyo tunamjibu mjumbe wetu hivi: katika ghala lile, mashine isingenusa chochote zaidi ya alichonusa mama. Na siku ya tatu ya jua ingeweza kutuambia, kwa namba na taa ya kijani, kwamba mahindi ni mazuri. Tungeiamini kuliko tulivyoiamini pua yetu, na huenda watoto wangeendelea kunywa uji ule.

JIBU LETU KWA WAFADHILI

Tunawashukuru kwa moyo wenu. Tumewaza sana kabla ya kuandika haya, maana si rahisi kukataa kitu kilichotolewa kwa upendo. Ombi letu ni kwamba kwa sasa fedha zisinunue pua ya elektroniki. Ni kweli kihisi kimoja kimoja huuzwa kwa dola chache, lakini kifaa kamili kinahitaji umeme usiokatika, mtu wa kukifundisha na kukirekebisha kila mara, na uangalizi wa unyevu wa hewa, kwa maana unyevu huvuruga vihisi. Nasi tunaishi katika wilaya inayopata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka.

Badala yake tunaomba vitu vinne: maturubai ya kuanikia, kipima unyevu kimoja kwa kila ghala, mifuko isiyopitisha hewa, na fungu dogo la kulipia vipimo vya sumukuvu kwa mahindi na karanga zote zinazokusudiwa watoto. Kikomo kinachotumika Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 za sumukuvu kwa kilo moja ya mahindi. Tangu mwaka 2019 usalama wa chakula nchini unasimamiwa na Shirika la Viwango Tanzania (TBS), na huko ndiko tutakakoomba mwongozo wa vipimo.

HATUA KWA KILA KAMATI

1. Msiingize zao ghalani kabla ya kupima. Mahindi yafike unyevu wa asilimia 13, mpunga 14, kakao kati ya 7 na 8.

2. Kama kipima unyevu hakijafika, tumieni chumvi. Anikeni chumvi mpaka ikauke kabisa. Chukueni chupa safi iliyokauka, wekeni nafaka mpaka theluthi moja pamoja na vijiko viwili au vitatu vya chumvi, fungeni, tikiseni dakika moja, kisha acheni itulie dakika 15. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, nafaka bado ni mbichi. Isiposhika, unyevu uko chini ya asilimia 15. Anikeni tena kidogo kabla ya kuhifadhi.

3. Pangeni magunia juu ya vichanja vya mbao, mbali na ukuta. Zibeni bati kabla ya mvua, msisubiri mchango mkubwa.

4. Mchagueni mtu mmoja wa kufungua ghala kila wiki na kunusa akiwa mlangoni. Aandike katika daftari tarehe na alichokuta. Asitie uso ndani ya gunia lenye ukungu, kwa kuwa vumbi lake lina madhara kwa mapafu.

5. Harufu mbaya ikitokea, zao litengwe siku hiyo hiyo. Kabla ya kulianika, chukueni kidogo kidogo kutoka magunia yote, changanyeni, mtunze sampuli na kutujulisha. Sumu hujificha katika punje chache, hivyo kiganja kimoja kutoka gunia moja hakitoshi.

6. Kuchambua kwa mkono punje zilizovunjika, zilizonyauka na zenye ukungu hupunguza sumu sana. Fanyeni hivyo daima, lakini msihesabu kuwa ni kipimo.

7. Chakula kilichotengwa kisipewe watoto, kisipewe kuku, wala kisiuzwe kwa jirani asiyejua.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika ghala letu, nani ana ufunguo, na mara ya mwisho aliingia lini?
2. Ni nani kati yetu mwenye pua nzuri ya mpunga au kakao? Je, tumempa nafasi ya kusema kabla ya mnunuzi kufika, au tunamsikiliza hasara ikishaingia?
3. Tukiletewa chakula cha msaada chenye mashaka, je, tutakuwa na ujasiri wa kukikataa mbele ya aliyekileta?
4. Ofisi ya dayosisi ikihimiza jambo kwa haraka, kama sisi tulivyofanya, kamati itasemaje?

Swali la nne tumeliweka kwa makusudi. Bati la ghala lile limekwisha kuzibwa, na yule mama mzee wa kanisa ndiye mwenye daftari la kila wiki. Tunaomba majibu ya kamati zote yatufikie kabla ya mpunga wa msimu ujao kuvunwa, ili bajeti ya maturubai na vipimo ipangwe kwa kufuata mahitaji ya kila ghala.

Mungu azibariki kazi za mikono yenu.